Jinsi ya kuwasikilizia kesi waasi na Dola

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu. Wajukuu zangu hawapendi kuangalia Star Wars, zile filamu za waasi wanaopigana na Dola inayotawala anga za juu, nikiwa na rimoti, maana nasimamisha filamu kila mara. Lakini ukitaka kujua kama waasi wana haki kweli, fanya hivi.

Anza na ile ya 1977. Zima sauti, washa maandishi ya chini. Muziki wa John Williams ni wakili hodari mno. Ukimwachia aseme, kesi imeisha kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Sasa tazama nani ana uso. Ndani ya meli ya anga ya Leia, binti mfalme aliye upande wa waasi, mwanzoni kabisa, unayaona macho ya waasi yakiukodolea mlango utakaolipuliwa. Askari wa Dola wanaingia na kofia nyeupe zinazofunika kichwa kizima. Wakianguka, hutamkumbuka hata mmoja. Hapo umeshachaguliwa wa kumhurumia, na hilo si ushahidi.

Ushahidi uko kwenye chumba cha mkutano ndani ya Death Star, kituo cha Dola cha angani chenye silaha ya kulipua sayari nzima. Rudisha sauti. Tarkin, gavana anayekiongoza kituo hicho, anatangaza kwamba Kaizari amevunja Seneti. Ofisa mmoja anauliza mambo yataendeshwaje, naye anajibu kuwa magavana watashika maeneo yao na hofu ya kituo hiki itawanyoosha raia. Mshtakiwa kaungama mwenyewe, hakuna aliyembana. Baadaye anamtishia Leia, ambaye sasa ni mateka: taja kambi ya waasi au tulipue sayari yako, Alderaan. Leia anataja Dantooine. Ni uongo, lakini Tarkin hajui bado. Kwake yeye jibu ameshalipata, na bado anaamuru Alderaan ilipuliwe, kwa sababu Dantooine iko mbali mno kufaa kwa maonyesho. Simamisha hapo. Wale watu hawakufa kwa ajili ya siri wala kwa ajili ya ushindi. Walikufa ili wengine waone.

Mjukuu wangu huuliza, “Bibi, na wapishi wa Death Star je?” Swali zuri. Ila kituo kilikuwa kimeshailenga kambi ya waasi walipokilipua, na kujitetea ni kujitetea.

Kesi ngumu iko Rogue One, filamu ya Star Wars ya 2016. Cassian, muasi, anakutana na mtoa habari wake kichochoroni. Askari wanakaribia, na yule bwana ana mkono mbovu, hawezi kupanda ukuta kutoroka. Cassian anamtuliza, kisha anampiga risasi. Usimtafutie udhuru. Kwa sheria yoyote ninayoijua, hayo ni mauaji, na mtu wa Dola angefanya vilevile.

Kwa hiyo acha kupima nani ameua. Uliza hivi: mtu akikataa amri, au akibisha tu, anafanywa nini? Upande wa Dola, ofisa Motti anamkejeli Vader, mkono wa kulia wa Kaizari, mezani na koo lake linabanwa palepale. Upande wa waasi, Cassian anatumwa kumuua Galen Erso, mwanasayansi aliyesanifu silaha ya Death Star, anamweka kwenye shabaha, anaacha. Hanyongwi. (Galen anakufa hata hivyo, kwa mabomu ya waasi wenyewe. Liandike hilo pia kwenye jalada.) Baraza lao linakataa kushambulia Scarif, sayari inakohifadhiwa michoro ya Death Star, lakini Jyn, binti wa Galen, na wenzake wanaondoka bila ruhusa, na meli za waasi zinawafuata kuwasaidia. Mimi kwa hilo nawapa waasi ushindi, bila gharama za kesi.

Isipokuwa shauri moja ambalo hakuna aliyelifungua. Rudi kwenye ya 1977 uangalie roboti wanavyouzwa jangwani kwa mjomba wake Luke, kijana shujaa wa filamu hiyo, na baa inavyowakataza kuingia huku Luke akiwaambia tu wasubiri nje. Kisha nenda mwisho wa ile ya 2005: Bail Organa, kiongozi wa baadaye wa waasi na mtu mwema kuliko wote humo, anaamuru kumbukumbu za C-3PO, mmoja wa roboti haohao, zifutwe. Roboti anaweza tu kushangaa. Tumia swali lilelile la amri na kukataa, uone waasi watajibu nini.