Itazame barua ya zamani kabla ya kuisoma

Barua iliyokaa sandukuni miaka mingi usiikunjue kwa nguvu. Hukatika penye mikunjo. Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za pamba hazifai, vidole havisikii ukingo wa karatasi.

Laza tochi ubavuni, karibu na usawa wa meza. Mwanga wa mshazari huonyesha mwandishi alipokandamiza kalamu. Nibu ya kuchovya wino huacha mstari mnene ikishuka, mwembamba ikipanda. Bolpeni haina uzuri huo. Wino ukififia kisha ukakolea ghafla, hapo alichovya upya. Wino wa chuma, yaani wino wa zamani wenye chumvi ya chuma, hugeuka kahawia, hata kula karatasi.

Bahasha usitupe: muhuri wa posta hutaja mji na tarehe. Selotepu usiibandike kabisa, gundi yake huacha doa la njano. Masika ya mji wa Moshi huleta kuvu, basi ihifadhi barua ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki.