Kubadilisha kifyatulio kizito cha Remington 700

Remington 700, bunduki ya kuwinda, bila darubini ina kilo 3 na nusu hivi. Kifyatulio kinachodai kilo 2.7 ndipo kiachie kinakufanya uvute kwa nguvu inayokaribia uzito wa bunduki yenyewe, na mtutu unayumba sekunde ileile unayotaka utulie. Kwa kuwinda, kilo 1.2 hadi 1.6 zinatosha. Chini ya hapo ni kazi ya uwanja wa shabaha, siyo ya porini, ambako vidole vina baridi au glavu.

Usikipige msasa cha zamani. Ugumu wa chuma pale panapokutana meno ya ndani, yanayoizuia pini ya kupigia hadi uvute, uko juujuu tu. Ukiuondoa, kitalainika wiki moja kisha kianze kujifyatua. Nunua kipya kilicho kamili ndani ya kasha lake, kwa mfano cha kampuni ya Timney, ambacho kwa kawaida hutoka kikiwa kimepangwa pauni 3, yaani kilo 1.36.

Kwanza angalia namba ya bunduki. Vifyatulio vya Remington viitwavyo X-Mark Pro vilivyotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014 viliitwa virudishwe mwaka 2014, kwa sababu gundi iliyozidi ndani yake ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke yenyewe. Na jambo la sheria: Marekani mwenye bunduki kwa kawaida hujifanyia kazi hii mwenyewe. Tanzania na Kenya mpelekee fundi mwenye leseni ya silaha, nawe tumia mwongozo huu kumkagua.

Vifaa: panchi ya milimita 3, nyundo ndogo ya shaba au plastiki, alenki au bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, jiliwa lenye mipira, mizani ya kuning'iniza, na kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Kitambaa hicho si urembo. Springi ya kizuizi cha bolti, kile kinachozuia bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) isichomoke, ni ndogo, na ikirukia sakafuni utaitafuta hadi magharibi.

1. Toa risasi zote nje ya chumba unachofanyia kazi. Fungua bolti, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Bunduki za kabla ya 1982 hazifunguki bolti sefti ikiwa imefungwa, kwa hiyo elekeza mtutu mahali salama kabla ya kuigusa sefti. Bonyeza kidude kilicho mbele ya kifyatulio, chomoa bolti.

2. Fungua skrubu za chini na utenganishe chuma na kitako. Weka alama ipi ya mbele, ipi ya nyuma. Ya mbele ikiwa ndefu kupita kiasi hugusa bolti, ndiyo maana hazibadilishwi ovyo.

3. Piga picha upande wa kushoto kabla ya kugusa pini. Hapo ndipo kinapokaa kizuizi cha bolti na springi yake, na ukikirudisha kinyume bolti itachomoka mkononi ukiivuta. Gonga pini mbili zinazoshika kifyatulio polepole, zote kuelekea upande mmoja, huku kidole kimeziba kizuizi kisiruke.

4. Safisha nafasi kwa petroli ya laita, iache ikauke. Usipake oili nzito: hukusanya vumbi na kuganda kwenye baridi.

5. Ingiza kipya. Tumia panchi kutoka upande wa pili kulinganisha matundu, kisha sukuma pini ya mbele, ndipo ya nyuma. Zikigoma, usizidishe nyundo, matundu hayajalingana.

6. Rudisha kitako kwa kujaribu tu. Paka rangi ya mdomo kwenye kasha na mkono wa sefti, funga, fungua tena: palipochafuka kwenye mbao ndipo panapogusa. Kwangua milimita moja. Sefti inayosugua mbao huenda isirudi hadi mwisho, nayo ndiyo hatari kubwa kuliko zote hapa.

7. Kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma: niutoni mita 4 hadi 5 kwa kitako cha mbao.

Skrubu ya uzito wa kuvuta unaweza kuigeuza robo mzunguko kwa robo. Ile ya mshiko wa meno, iliyofungwa na kiwanda, iache. Pima kwa mizani mara tano uchukue wastani.

Sasa majaribio, chemba ikiwa tupu. Koki (fungua na ufunge bolti), funga sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha fungua sefti: pini ya kupigia isianguke. Funga bolti kwa kishindo mara kumi. Gonga kitako kwenye mpira kutoka sentimita 30, ukigeuza pande zote, sefti ikiwa wazi. Ikianguka hata mara moja, kitoe: mara nyingi ni mshiko wa meno uliopunguzwa au mbao zinazokisukuma. Isipokoki kabisa, angalia kwanza pini.

Baada ya risasi ishirini za kwanza, kagua ukazo wa skrubu za kitako, kisha rudia jaribio la sefti.