Kujenga Bweni la Wanafunzi kwa Vyumba Vilivyoundwa Kiwandani

Anayekusudia kujenga bweni kwa moduli, yaani vyumba vinavyokamilishwa kiwandani kisha kupangwa kiwanjani, ahakikishe kwamba michoro yote imekamilika kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Ukuta wa matofali unaweza kutobolewa ili kupitisha bomba lililosahaulika, lakini moduli iliyokwisha kutandazwa vigae na kupitishiwa nyaya haitoi nafasi hiyo.

Upana wa chumba huamuliwa na barabara ambayo moduli itasafirishwa. Kontena la kawaida la meli, likitumiwa kama chumba, lina upana wa mita 2.44 kwa nje na takriban 2.35 kwa ndani. Kitanda cha sentimita 90 kikikabiliana na meza ya sentimita 60, hubaki sentimita 85 tu za kupita na kuvuta kiti, hata kabla ya kuta kuongezwa tabaka la kuzuia joto. Kwa sababu hiyo napendelea moduli ya mbao yenye upana wa mita 3, mradi kona, madaraja na nyaya za njiani vimepimwa mapema, na mbao zimetoka katika misitu inayopandwa upya.

Msingi ujengwe wakati vyumba vikiundwa, kwani hapo ndipo miezi inapookolewa.

Maungio ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote. Kila moduli huja na kuta zake, hivyo kati ya jirani na jirani huwapo kuta mbili zenye uwazi katikati. Uwazi huo hupunguza kelele, jambo ambalo ni neema kwa anayesoma usiku; lakini usipozibwa kwa vizuizi vya moto katika kila ghorofa, hugeuka dohani ya kupandisha moshi na miali. Msimamizi avikague vizuizi hivyo na kuvipiga picha kabla kreni haijateremsha moduli inayofuata, kwa kuwa baada ya hapo havionekani tena.

Bafu liwekwe upande wa ukumbi, na mabomba yafikiwe kupitia mlango mdogo wa ukumbini, ili fundi asimwamshe mwanafunzi kwa sababu ya bomba linalovuja. Moduli zifungwe kwa boliti badala ya kuchomelewa, ili siku moja ziweze kufunguliwa na kuhamishiwa kwingine. Siku ya kuzipanga, kila moduli ibaki na turubai lake hadi ile ya juu itakapokuwa tayari kuinuliwa, maana mbao zilizofungiwa na unyevu huoza kutoka ndani.