Kuotesha mrehani na mnanaa kwenye gilasi ya maji

Mrehani wa kikuba na mnanaa wa chai huota mizizi kwenye maji matupu: mnanaa mara nyingi ndani ya wiki moja, mrehani siku 7 hadi 14. Mambo yote yako kwenye kifundo, pale jani linapoungana na shina, maana mizizi mingi hutokea hapo.

Kata tawi la sm 10 hadi 15 asubuhi, jua halijapanda, likiwa bado limejaa maji. Chagua lisilo na maua. Kama yapo, yachume yote, la sivyo nguvu itakwenda kwenye mbegu. Tumia kisu kikali au wembe, ukate chini kidogo ya kifundo. Mkasi butu huponda shina, na palipopondeka ndipo kuoza kunapoanzia. Nyonyoa majani ya vifundo viwili vya chini, uache manne hadi sita ya juu. Yaliyo makubwa yakate nusu, kwani tawi lisilo na mizizi hupoteza maji upesi kuliko linavyoyafyonza.

Maji yafunike vifundo hivyo viwili tu, na jani lolote lisiguse maji. Weka gilasi penye mwanga bila jua kali. Gilasi angavu huota ukijani, basi izungushie karatasi.

Maji ndiyo huwashinda wengi. Yabadilishe kila baada ya siku mbili. Kwenye joto la Pwani, kila siku, kwa kuwa maji yenye joto hushika oksijeni kidogo na bakteria huzaana haraka. Pitisha kidole kwenye shina: ukihisi utelezi kama wa bamia, kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kata juu ya sehemu iliyoharibika mpaka uone kijani kibichi, osha gilasi kwa sabuni, uanze upya.

Baada ya siku chache utaona vijipele vyeupe kwenye shina. Usiogope, si ugonjwa. Ni mizizi inayotaka kutoka.

Ikifika sm 3 hadi 5, hamishia kwenye udongo. Usingoje ijae gilasi: mizizi ya majini hukatika upesi, na ikirefuka sana hupata tabu kuzoea udongo. Changanya mafungu mawili ya udongo, moja la mchanga na moja la mboji, kwenye chungu chenye matundu. Lowesha kwanza, toboa shimo kwa kidole, shusha mche bila kuusukuma, kisha ushindilie taratibu. Uweke kivulini wiki moja, udongo usikauke.

Majani yakilegea mchana na kusimama jioni, uache. Yakiamka asubuhi bado yamelegea na udongo umelowa, usiongeze maji; ufunike mche kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi, hadi uchipue jani jipya.

Asmini usiijaribu hivi. Shina lake ni gumu na mara nyingi huoza kabla ya kutoa mizizi. Lichomeke kwenye mchanga uliolowa.