Chapati mbili saa moja, njaa saa nne: jinsi ya kupanga chakula kikushikilie

Mi nilikuwa napiga chapati mbili na chai ya maziwa saa moja asubuhi, ikifika saa nne tumbo linaunguruma mpaka wa meza ya pili anageuka. Nkajua nakula kidogo. Wala! Siku moja nikasimama jikoni zinachomwa nikaona kila chapati inakunywa kijiko cha chakula kizima cha mafuta, ambacho ni kama gramu 14, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati wanga na protini ni 4 tu. Yaani vijiko viwili ni kalori kama 250 zimeshaingia na tumbo halina habari. (Kalori hizi ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti, wakiandika kJ gawanya kwa 4.2 hivi.)

Tumbo halina kikokotoo bana. Lina neva zinazosikia limevutika kiasi gani, afu chakula kikifika utumboni zinatoka homoni za kuambia ubongo "tosha", na protini inazitoa vizuri sana. Mafuta nayo yanasema kitu, ila ukilinganisha na kalori zake yanasema kidogo mno.

Sasa fanya hivi. Kwanza acha kumimina mafuta toka kwenye dumu, chota kwa kijiko, wiki moja tu utashangaa mwenyewe. Pili ongeza vitu vizito vyenye maji na nyuzinyuzi: maharage, mchicha, bamia, viazi vya kuchemsha. Usidharau hivyo viazi, mwaka 1995 watafiti wa Sydney walilisha watu vyakula 38, kila kimoja kalori 240, wakawa wanawauliza kila robo saa umeshiba kiasi gani, na kiazi cha kuchemsha kikashinda vyote, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Ila cha kuchemsha jamani, sio chipsi.

Kwenye sahani anza na mboga na maharage, ugali au wali ufuate, halafu kabla hujaongeza kaa kama dakika 20 hivi piga stori, maana taarifa ya kushiba inachelewa kufika kichwani. Kwa shangazi hapa pagumu, atakwambia "hata hujala", we mwambie shangazi nimeshiba, ntabeba.

Soda ya nusu lita ni sukari kama gramu 50, kalori 200 hizo, na njaa haipungui kihivyo. Kunywa maji, nisikuchoshe.

Halafu kuna ile njaa inayokuja saa ile ile kila siku. Tumbo linatoa homoni inaitwa ghrelini, inapanda karibu na muda uliozoea kula, kwa hiyo ukizoea andazi la saa nne itakuja kulidai saa nne hata kama ulishiba. Kunywa maji, tembea kidogo, mara nyingi inapita yenyewe. Usiku ukilala masaa manne ndo umeharibu, ghrelini inapanda na kesho yake utatamani kila kitu chenye sukari.

Na usijinyime ghafla. Mafuta ya mwilini yanatoa leptini, hiyo ndo inauambia ubongo akiba ipo, ukikata chakula kwa fujo leptini inashuka haraka na ubongo unakuletea njaa ya kufa mtu, ndo maana watu wanafunga wiki mbili afu wanarudi na kilo za ziada. Punguza kidogo kidogo. Mwenye dawa za kisukari au mjamzito aongee na daktari kwanza, hiyo sio ya kubahatisha.

Mi chapati sijaacha ng'o. Ila sasa ni moja, na bakuli la maharage pembeni, na saa nne inapita niko kwenye kazi yangu.