Monstera ya ndani ikigeuka manjano au kutoka madoa

Monstera ni ua la majani makubwa yaliyotoboka. Kabla ya kuongeza maji, ingiza kidole kwenye udongo hadi sentimita 5. Ua lenye kiu na ua lililozidiwa na maji yote hulegea na kugeuka manjano, kwa hiyo jani pekee halitoshi kukupa jibu.

Udongo ukiwa tope, na majani ya chini ndiyo yaliyoanza, shuku mizizi. Hapa Dar ndilo tatizo tunalokutana nalo zaidi, hasa masika, chungu kinapokaa siku nyingi bila kukauka. Ling'oe ua uangalie. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unanuka, na ukiuvuta ganda lake linavuka. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, kisha panda upya kwenye chungu chenye matundu, kisichozidi sana ukubwa wa mizizi iliyobaki. Changanya sehemu 2 za mboji, 1 ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na 1 ya mchanga wa chembe kubwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Chumvi yenyewe ina dalili zake: ncha za majani zinakauka na ukoko mweupe unatanda juu ya udongo. Visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi, na mbolea ikizidi huleta hali hiyohiyo. Kinga maji ya mvua, upitishe kwenye udongo kiasi cha mara 3 ya ujazo wa chungu, yote yachuruzike chini.

Doa la kahawia lenye duara la manjano ni la ukungu au bakteria. Likiwa limelowa na linanuka, elekea kwenye bakteria: jani hilo haliponi, likate ulitupe mbali na maua mengine. Kwa yote mawili, acha kulowesha majani na usibananishe vyungu.

Vitone vidogo vilivyopauka, hasa kwa ua lililo karibu na kiyoyozi? Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, huo ni utitiri, vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani. Yeyusha kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, jaribu kwanza kwenye jani moja, kisha futa majani yote, zaidi upande wa chini, jioni. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara 3, kwa sababu sabuni haiui mayai.

Jani lililokwisha kuwa manjano halirudi kijani. Nafuu itafute kwenye jani jipya linalofunguka.