Namna ya kuikagua saa inayopima presha na kuzilinda taarifa inazokusanya

Kabla ya kuiamini namba yoyote inayotokea kwenye saa ya mkononi, chunguza kwanza kama saa hiyo inabana mkono au haibani. Saa chache, kama Omron HeartGuide na Huawei Watch D, zina mfuko mwembamba ndani ya mkanda ambao hujaa hewa na kukibana kifundo cha mkono, kwa kanuni ileile ya mashine ya presha ya hospitalini. Zilizo nyingi madukani hazibani chochote. Humulika ngozi kwa mwanga, kwa kawaida wa kijani, zikasoma jinsi damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo kila moyo unapopiga, kisha programu ikakisia shinikizo kutokana na umbo la wimbi hilo. Saa za kundi la kwanza zinapima. Za kundi la pili zinakadiria.

Watengenezaji makini hawalifichi jambo hili. Samsung Galaxy Watch, katika nchi ambako huduma hiyo imeruhusiwa, humtaka mtumiaji ajipime kwanza mara tatu kwa mashine ya mkanda unaojaa hewa, aziingize namba hizo kwenye programu, na kurudia zoezi hilo kila baada ya siku 28. Maana yake ni kwamba saa haiwezi kuwa sahihi kuliko mashine iliyoisawazisha. Apple nayo, katika huduma iliyoidhinishwa Marekani mwezi Septemba 2025, haitoi namba kabisa: saa hufuatilia mwenendo wa siku 30 na kumtahadharisha mwenye nayo iwapo kuna dalili za presha ya juu. Kwa maoni yangu huo ndio uungwana, kwa kuwa kutotaja namba ni afadhali kuliko kutaja namba isiyo na msingi. Mwongozo wa mwaka 2023 wa Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu haushauri vifaa visivyo na mkanda wa kujaa hewa vitumike kutambua ugonjwa wala kuongoza matibabu.

Kwa hiyo, anayetaka kuikagua saa yake hana budi kupata mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, yake mwenyewe au ya kuazima. Tafuta jina na modeli yake katika orodha ya STRIDE BP, inayotaja mashine zilizofanyiwa uthibitisho. Kiwango cha kimataifa kinachotumika sana hudai mashine ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, wastani wa kosa usizidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko wa makosa usizidi 8. Hakikisha pia mkanda unautosha mkono wako, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba pasipo sababu.

Pima asubuhi kabla ya kumeza dawa, na tena jioni, kwa siku saba. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, na nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano umeegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni bila kupishana, na usizungumze. Mashine ifungwe mkono mmoja na saa ivaliwe mkono mwingine, kwa sababu mkanda unapobana huzuia damu kufika kifundoni na saa itasoma upuuzi. Mkono wenye saa uuinue ulingane na moyo: kifundo kikiwa sentimita 10 chini ya moyo, shinikizo la hapo huongezeka kwa takriban milimita 7 hadi 8. Pima kwa mashine, kisha kwa saa, kisha kwa mashine tena, na uandike zote daftarini, pamoja na zile zisizokupendeza.

Wiki ikiisha, toa namba ya saa kwenye wastani wa vipimo viwili vya mashine vilivyoizunguka. Wengi hutazama wastani wa tofauti hizo peke yake, na hapo ndipo wanapodanganyika, maana saa inayozidisha 15 leo na kupunguza 15 kesho itakuwa na wastani wa sifuri na bado haifai. Tazama kila tofauti. Zikizidi 10 mara kwa mara, mimi nisingeitumia saa hiyo kwa jambo lolote linalohusu dawa. Kasoro nyingine, iliyo ngumu zaidi kuonekana, ni utulivu wa kupita kiasi: mashine inaonyesha 152 asubuhi na 134 jioni, huku saa ikibaki kwenye 128 wakati wote. Saa ya namna hiyo hurudia ilichoambiwa siku ya kusawazishwa.

Zile saa za bei nafuu zinazompa kila mtu presha bila kusawazishwa na mashine yoyote zina jaribio jepesi zaidi. Ifunge kwenye taulo lililokunjwa, uibonyeze ipime. Ikikuletea 118 kwa 76, umeshapata jibu.

Mkanda wa saa uliolegea, baridi, mchoro wa tatuu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huharibu usomaji wa mwanga, na melanini, yaani rangi ya asili, ya ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa kijani. Mjamzito asiitegemee saa hata kidogo. Daktari akibadilisha dawa, saa isawazishwe upya. Na wastani wa mashine nyumbani ukifika 135 kwa 85, nenda kliniki na daftari lako.

Kuhusu usiri, anza na ruhusa za programu kwenye simu. Ombi la mahali ulipo si lazima liwe hila, kwa kuwa simu za Android za kabla ya toleo la 12 ziliihitaji ruhusa hiyo ili kutafuta vifaa vya Bluetooth. Lakini orodha ya majina, kamera na maikrofoni havihusiani na presha, vizime. Ruhusa ya kusoma arifa zinazoingia kwenye simu ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwani humpa mwenye programu ujumbe wa benki, wa M-Pesa na namba za siri za mara moja. Fungua akaunti kwa baruapepe ya pembeni na nenosiri usilolitumia kwingine, kisha uzime kushirikisha taarifa na programu nyingine.

Katika sera ya faragha tafuta mambo matatu: taarifa zinahifadhiwa nchi gani, zinapewa nani, na zinafutwaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zinakupa haki ya kuziona na kudai zisahihishwe au zifutwe; malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa Kenya, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Siku ukiiuza saa au kumpa ndugu, kuondoa programu kwenye simu hakutoshi: pakua kwanza rekodi unazozihitaji, futa akaunti yenyewe kutoka ndani ya programu, na mwisho irudishe saa katika hali ya kiwandani.